Kura 74% zimesema ndiyo kwa bangi ya tiba, mahakama ikafuta. Wamarekani wanapiga kura za nini?

#1 Kipanga Mweusi
Wakuu, habari za jioni.

Novemba 2020 watu wa Mississippi walipiga kura kuruhusu bangi kwa wagonjwa wa saratani, kifafa na maradhi mengine mazito. Pendekezo namba 65. Likapita kwa asilimia 74. Hii ni Mississippi ya kanisa kila kona, ambako Trump alishinda siku hiyo hiyo, siyo California. Halafu Mei 14, 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ikafuta kila kitu, majaji 6 kwa 3.

Nikadhani ni kioja cha Mississippi peke yao. Kumbe Utah, Florida, South Dakota, wote yaliwakuta kwa namna yao, na Nebraska walipiga kura 2024 na bado wanavutana. Wananchi wanasema ndiyo, wakubwa wanatafuta mlango wa nyuma.

Swali: tatizo hasa ni nini? Wabunge wakaidi, dini, pesa, au haya mapendekezo yanaandikwa ovyo? Mlioko huko tufafanulieni. Wale wa "bangi ni haramu" naomba mpite kimya, uzi ni wa siasa.

#2 Jembe Butu
Nimekaa pale kwenye kona nasubiri wavutaji wajitokeze na vyeti vya daktari 😂

#3 Wakili wa Mtaani
Mleta uzi, hiyo hukumu usiisome juu juu. Katiba ya Mississippi inasema saini kutoka wilaya moja ya ubunge zisizidi moja ya tano ya saini zinazotakiwa. Kifungu kiliwekwa 1992, jimbo likiwa na wilaya tano. Baada ya sensa ya 2000 zikabaki nne. Piga hesabu mwenyewe: wilaya nne, kila moja mwisho asilimia 20, jumla 80. Ishirini iliyobaki unaitoa wapi?

Kwa hiyo tangu wilaya zipungue, hakuna pendekezo lolote lililoweza kutimiza masharti. Majaji wakasema sisi tunasoma kilichoandikwa, kama kimepitwa na wakati kirekebisheni wenyewe.

#4 Kipanga Mweusi
Miaka ishirini hakuna aliyeona? Wakaona siku bangi imeshinda?

#5 Wakili wa Mtaani
Waliona. Aliyefungua kesi ni meya wa mji wa Madison, Mary Hawkins Butler, na alifungua siku chache kabla ya kura. Hoja yake nyingine ilikuwa kwamba pendekezo linaubana mji usiweze kupanga maduka ya bangi yakae wapi.

Ila uko sahihi kwenye kunusa. Mwaka 2011 Mississippi walipitisha kwa njia hiyo hiyo sharti la kitambulisho cha mpiga kura, wilaya zikiwa nne tayari. Hilo lipo mpaka leo. Kisheria utajibiwa kwamba halikuwa mezani kwa majaji. Kisiasa kila mtu ajijibu.

#6 Omosh Nyakach
Wadau, hii tarehe imenishtua. Hapa Kenya Mahakama Kuu iliangusha BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, tarehe 13 Mei 2021. Kesho yake, 14 Mei, Mississippi wakaangusha yao. Wote mambo ya saini na "pendekezo la wananchi". Enyewe majaji wa dunia wako na grupu moja ya WhatsApp.

#7 Ng'wana Shija
Omosh usichanganye. BBI ilikuwa ya wakubwa, ikavishwa nguo za wananchi, na iliangushwa kabla ya mtu kupiga kura. Ya Mississippi ilitoka chini, ikashinda kwenye sanduku, ndipo ikanyongwa.

#8 Omosh Nyakach
Sawa mwalimu. Lakini swali ni moja: nani anaweza kuanzisha, na nani anahesabu saini. Mahakama yetu ya Juu Machi 2022 ilikubali kwamba Rais hawezi kuanzisha pendekezo la wananchi. Kwao hiyo shida hawana, kwao shida ni baada ya kushinda.

#9 Hesabu Haidanganyi
Naomba tuweke sawa hiyo 74. Karatasi ya kura Mississippi ilikuwa na maswali mawili. Bunge la jimbo lilipoona 65 inakuja, likaingiza lake, 65A, ambalo lingebana uvutaji kwa wagonjwa walio mahututi tu. Swali la kwanza: unataka mojawapo, au hutaki yote? Kama asilimia 68 wakasema tunataka. Swali la pili: ukilazimika kuchagua, 65 au 65A? Hapo ndipo 74 wakachagua 65. Kwa hiyo 74 siyo ya "ndiyo kwa bangi", ni ya "tunataka ya kwetu, siyo ya bunge".

#10 Kipanga Mweusi
Hiyo ndiyo mbaya zaidi mkuu. Kumbe waliwekewa mtego kwenye karatasi, wakauruka, bado wakapigwa.

#11 Mama Wawili Omaha
Niko Nebraska, naona mmepitisha jina letu haraka, nieleze kidogo.

Hapa mwaka 2020 watu walikusanya saini za kutosha kabisa. Sherifa wa kaunti moja akaenda mahakamani, Mahakama ya Juu ikaliondoa kwenye karatasi ya kura Septemba, eti lina mada zaidi ya moja. Mwaka 2022 saini hazikutosha. Na siyo kukusanya jumla tu: lazima upate asilimia 5 ya wapiga kura katika kaunti 38 kati ya 93, na kaunti zingine huko magharibi ng'ombe ni wengi kuliko watu. 2024 wakagawa mapendekezo mawili ili wasipigwe tena na ile ya mada moja. La 437 linasema mgonjwa mwenye barua ya mtaalamu wa afya anaweza kuwa na aunsi tano. La 438 linaunda tume ya kutoa leseni. La kwanza likapata kama asilimia 71, la pili 67.

Mnadhani yaliisha? Seneta mstaafu John Kuehn na Mwanasheria Mkuu Mike Hilgers walishaanza kesi kwamba saini zina kasoro kwenye uthibitisho wa notari. Jaji akakataa mwishoni mwa Novemba 2024, Gavana Pillen akatia saini Desemba. Mei 2025 muswada wa kuweka utaratibu ukafika bungeni, wapinzani wakaongea mpaka muda ukaisha, na kura 33 za kuwanyamazisha hazikupatikana. Bunge letu ni la chumba kimoja, maseneta 49, ukikosa pale umekosa.

Tume nayo sasa. Watatu kati ya wajumbe ni wale wale wa tume ya pombe ya jimbo, wengine anateua gavana. Kanuni zao za dharura za 2025 zikakataza maua ya kuvuta, zikakataza mvuke, zikakataza vyakula na peremende.

Ninafanya kazi na mama mmoja ambaye mtoto wake ana kifafa. Aliposikia matokeo ya Novemba alilia pale kwenye chumba cha kupumzikia. Mpaka sasa hajapata duka la kwenda Nebraska hii. Watu wanavuka mpaka kwenda Missouri ambako ni halali hata kwa mtu mzima asiyeumwa, halafu wanarudi nayo roho mkononi, maana ukivuka mpaka wa jimbo nayo hiyo ni kesi ya serikali kuu.

#12 Jembe Butu
Tume ya pombe ndiyo inasimamia bangi 😂😂 Wamempa muuza soda atoe leseni ya muuza juisi.

#13 Dereva wa I-80
Mama Wawili asante, umeeleza vizuri. Mimi naendesha lori, napita kwenu kila wiki. Mgongo umeniharibikia kwa kukaa. Kuna daktari katika jimbo ninaloishi aliniambia nastahili kadi ya bangi ya tiba. Nikamuuliza, na kipimo cha mkojo je? Akanyamaza. Sheria za usafirishaji ni za serikali kuu, kadi ya jimbo haitambuliki, ukikutwa nayo leseni yako ya malori ina alama nyekundu. Kwa hiyo hata pale ambapo wananchi walishinda na maduka yamefunguliwa, dereva hayumo.

#14 Ng'wana Shija
Hapo ndipo penye jibu la mleta uzi. Tatizo ni serikali kuu. Mwaka 1970 bangi iliwekwa kwenye daraja la kwanza la dawa hatari, kundi moja na heroini. Kila gavana asiyetaka anajificha humo: "ningependa, lakini sheria ya shirikisho..." Mwaka 2005 kwenye kesi ya Raich, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wazi kwamba serikali kuu inaweza kukukamata hata kama umeotesha nyumbani kwa matibabu yako na jimbo lako limeruhusu.

#15 Wakili wa Mtaani
Raich ni kweli, lakini tangu Desemba 2014 Kongresi inaweka kifungu kwenye bajeti kinachozuia Wizara ya Sheria kutumia fedha kuingilia mipango ya bangi ya tiba ya majimbo. Kwa hiyo gavana anayejificha hapo anajificha nyuma ya pazia lenye matundu. Majimbo kadhaa yamefungua maduka bila tatizo, iweje sheria ile ile iwazuie Nebraska tu?

#16 Mwana wa Bukavu
Bandugu, jambo. Miye niko ku Salt Lake City, tuko Wakongomani wengi hapa. Ya Utah nayo ilikuwa vile: Novemba 2018 bantu walipiga kura, Pendekezo la 2, likapita karibu 53. Lakini kabla ya kura, mwezi wa kumi, wakubwa wa bunge, chama cha madaktari, kanisa la Wamormoni na hata baazi ya benye kuleta pendekezo walisha kukaa pamoja na kutangaza mapatano. Kura ikapigwa, tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili bunge ikaitwa kwa haraka, wakaweka sheria ingine kwa fasi ya ile. Maduka yakapunguzwa, kuotesha nyumbani kwa mutu wa mbali ikatoka.

Miye mwenyewe sivute. Lakini jirani yangu, mama muzee wa saratani, alingoja mpaka Machi 2020 ndio duka ya kwanza ikafunguka. Alipata. Hakukawia sana nayo.

#17 Kibibi wa Ng'ambo
Pole kwa jirani. Ila mimi nitawatetea kidogo wa Utah. Mapatano yalitangazwa kabla ya kura, kila mtu alijua. Na kanisa halikuzuia dawa, lilizuia namna ya kuitoa. Bila yale mapatano pengine wangepiga kampeni kali na lisingepita kabisa, 53 siyo nyingi.

#18 Kipanga Mweusi
Kibibi, kama mapatano yalikuwa mazuri si wangeyapeleka yenyewe kwenye kura? Mtu kapigia kura andiko A, baada ya mwezi mmoja anapewa andiko B. Waliokuwa na kifafa walienda mahakamani kulalamika hilo hilo.

#19 Wakili wa Mtaani
Na hilo la Utah limerudi kwa mlango mwingine. Mwaka huo huo wa 2018 wananchi walipitisha pendekezo la kuchora mipaka ya majimbo ya uchaguzi kwa haki, bunge likalikata mbawa vile vile. Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Utah ikaamua kwamba wananchi wakitumia haki yao kurekebisha serikali, bunge haliwezi kulifuta pendekezo hivi hivi tu. Bangi imekula hasara, mipaka imepona.

Msingi wa yote, kwa maoni yangu, uko hapa: pendekezo lenu ni sheria ya kawaida au ni kipengele cha katiba? Utah na Nebraska walipitisha sheria ya kawaida, bunge linaweza kuibadilisha. Arizona walijifunza mapema. Mwaka 1996 walipitisha bangi ya tiba kwa asilimia 65, bunge likaivunja mwaka uliofuata. Wananchi wakakasirika, 1998 wakaweka kwenye katiba kwamba bunge haligusi sheria ya wananchi bila robo tatu ya kura, na liiguse kwa kuendeleza lengo lake tu. Kwa hiyo walipopitisha tena 2010, kwa ushindi mwembamba wa kura elfu nne na kitu, Gavana Jan Brewer hakuweza kulitumia bunge, akakimbilia mahakama ya shirikisho. Kesi ikatupwa Januari 2012.

#20 Hesabu Haidanganyi
Nadharia nzuri, mkuu, lakini Mississippi 65 ilikuwa ya katiba na ikafa. Florida nayo ni ya katiba. 2014 walipata 57.6, ikashindwa kwa sababu kule lazima ufike 60. 2016 wakarudi na 71. Bunge 2017 likasema sawa, dawa mtapata, ila kuvuta marufuku. Wakili tajiri John Morgan aliyeifadhili kampeni akashtaki, mmoja wa walalamikaji akiwa Cathy Jordan, mwenye ugonjwa wa neva za misuli. Jaji akawapa ushindi Mei 2018, serikali ikakata rufaa. Ikamalizwa na gavana mpya, DeSantis, Machi 2019, tena Mrepublican, aliyeliambia bunge liondoe marufuku la sivyo anaacha rufaa. Sasa niambie, katiba ndiyo iliwaokoa au ni gavana aliyekuwa anajenga jina?

Na cha kuchekesha: hiyo kanuni ya 60 iliwekwa na wananchi 2006 kwa kura zisizofika 58.

#21 Jembe Butu
Yaani kanuni ingejipima yenyewe ingefeli. Hii niipeleke kijiweni.

#22 Shemeji wa Tulsa
Mnaongea kama kila mahali wananchi wanaonewa. Njooni Oklahoma. Juni 2018 tulipitisha namba 788 kwa 57. Wiki mbili baadaye bodi ya afya ya jimbo ikakataza bangi ya kuvuta na kutaka kila duka liwe na mfamasia. Watu wakafurika, Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Mrepublican, akawaandikia bodi kwamba mmevuka mamlaka yenu. Agosti mosi wakageuka.

Matokeo yake? Maduka zaidi ya elfu mbili. Kulikuwa na barabara mtaani kwetu unahesabu maduka ya bangi kuliko ya mikate. Hakukuwa na orodha ya magonjwa, daktari akikubali basi. Mwaka 2022 ikabidi wasimamishe leseni mpya. Machi 2023 walipotuletea ya starehe tukaikataa, zaidi ya 60 walisema hapana. Kwa hiyo wale wabunge wa Nebraska wanaosema "hatutaki kuwa Oklahoma" siyo wendawazimu wote.

#23 Mama Wawili Omaha
Shemeji, hiyo "hatutaki kuwa Oklahoma" nimeisikia hapa mpaka masikio yamechoka. Mtoto wa mwenzangu hataki duka la elfu mbili, anataka chupa moja ya mafuta. Na pesa mnaisahau: leseni zikiwa chache, mwenye nazo anatajirika. Tazameni ni nani anapigania ziwe chache.

#24 Ng'wana Shija
Hilo la pesa lina uzito, ila South Dakota halielezi. 2020 walipitisha mbili siku moja: tiba kwa 70, starehe kwa 54. Ya starehe ilifutwa mahakamani, kesi ikiongozwa na mkuu wa polisi wa barabarani na sherifa, na Gavana Kristi Noem akiiunga mkono. Ya tiba alitaka isogezwe mwaka mzima, bunge lake likashindwa kukubaliana, ikaanza Julai 1, 2021. Na duka la kwanza siku hiyo hiyo lilifunguliwa na kabila la Flandreau Santee Sioux kwenye ardhi yao. Jimbo likasema kadi za kabila kwa wasio wa kabila hawazitambui. Hapo hakuna pesa, hapo ni nani mwenye dola.

#25 Dereva wa I-80
Wenyeji waliopokonywa nchi ndio waliofungua duka la kwanza. Safi sana.

#26 Kibibi wa Ng'ambo
Kabla uzi haujaenda mbali, neno kwa wenye makaratasi ya uhamiaji. Jimbo likiruhusu, uhamiaji hawajaruhusu. Aprili 2019 idara ya uraia ilitoa mwongozo kwamba kutumia bangi, au hata kufanya kazi kwenye duka au shamba la bangi, kunaweza kukukosesha uraia kwa kigezo cha tabia njema, hata kama jimbo lako ni halali. Na siyo lazima uwe umehukumiwa, kukiri tu kunatosha kukuletea shida. Kijana mmoja wa hapa kwetu aliajiriwa kufunga vifurushi kwenye ghala la bangi, mshahara mzuri, mbele ya afisa wa usaili akataja kazi yake kwa kujivunia. Mwombeni wakili kabla ya kuchukua kadi.

#27 Omosh Nyakach
Hii nimeshare kwa grupu ya binamu zangu wa Minnesota saa hii. Asante.

Na wale wa nyumbani: Wajackoyah akigombea urais 2022 alitualika tuuze bangi tulipe deni, tukampa kura 61,969. Kwetu wananchi wenyewe ndio walisema zii.

#28 Jembe Butu
Na sisi Bongo tulikuwa tupige kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa Aprili 30, 2015. Bado tuko kwenye foleni. Wenzetu angalau wanapiga ndiyo wanaibiwa.

#29 Wakili wa Mtaani
Jembe kwa mara ya kwanza umesema kitu 😂

Kipanga, mchelewesho mrefu zaidi naoujua ni Washington DC. Walipiga kura Novemba 1998, na Kongresi ilikuwa imeshapitisha kifungu cha mbunge Bob Barr kinachozuia fedha, hata matokeo yasitangazwe. Jaji akaamuru yatolewe Septemba 1999: asilimia 69. Kongresi ikaendelea kuzuia mpaka Desemba 2009. Mgonjwa wa kwanza akanunua Julai 2013. Huyo Barr, 2007 aliajiriwa na kikundi kinachotetea bangi. Siasa hiyo.

#30 Kipanga Mweusi
Miaka kumi na tano. Wagonjwa wa UKIMWI waliopiga ile kura ya 1998 ni wangapi walifika?

Na Mississippi iliishia wapi?

#31 Hesabu Haidanganyi
Bunge lilitunga sheria yake, Gavana Tate Reeves akasaini Februari 2, 2022 baada ya kuvutana kuhusu kiasi. Pendekezo 65 lilikuwa aunsi tano kwa mwezi, sheria ikatoka na kama tatu. Mauzo yakaanza mapema 2023. Ile haki ya wananchi kupeleka mapendekezo ilikufa na ile hukumu, ikiwemo kampeni ya kupanua bima ya afya ya maskini iliyokuwa inakusanya saini. Wabunge wamejadili kuirudisha vikao kadhaa, hawajaafikiana. Kwa hiyo bangi wamepata, kalamu wamenyang'anywa.

#32 Shemeji wa Tulsa
Na wabunge hao hao wanarudishwa kila uchaguzi na wapiga kura wale wale wa 74. Hilo mnalielezaje?

#33 Ng'wana Shija
Mtu anapigia chama kwa moyo, na bangi kwa mgongo unaomuuma.

#34 Kibibi wa Ng'ambo
Au wapinzani hawasimamishi mgombea wilaya hizo. Angalieni hilo kwanza kabla ya kulaumu mioyo.

#35 Dereva wa I-80
Naulizia jambo moja. 2024 serikali kuu ilipendekeza kuishusha bangi kutoka daraja la kwanza kwenda la tatu. Ikipita, dereva atapona kwenye kipimo?

#36 Wakili wa Mtaani
Usitegemee. Buttigieg akiwa waziri wa usafirishaji aliwaambia wabunge 2024 kwamba kwa wanavyoelewa, vipimo vya madereva vitaendelea.

#37 Hesabu Haidanganyi
Alisema "tunavyoelewa". Orodha ya vipimo imefungwa kwenye kanuni za maabara, maabara zikibadilishiwa orodha hadithi inabadilika. Halijaisha hilo.

#38 Dereva wa I-80
Basi naendelea na diklofenaki.

#39 Mama Wawili Omaha
Kaka angalia vidonda vya tumbo. Unakula kwanza?